Naiti wa Kweli na Naiti wa Kununua: Mwongozo Kamili wa Kukagua Mashirika ya Manaiti na Vyeo vya Kimwinyi

Mwaliko huja kwa barua pepe au WhatsApp, na muhuri wake unang'aa. Mfanyabiashara wa Mombasa anaambiwa ameteuliwa kuwa "Knight Commander", yaani naiti (mwenye heshima ya wale askari wa farasi wa Ulaya ya kale) wa daraja la juu, wa shirika lenye miaka 900. Mchungaji wa Mwanza anaambiwa ataitwa "Sir" akishalipa ada ya kusimikwa. Wakati mwingine huja mtu mwenyewe: anajiita Prince au Count, ana joho na msalaba shingoni, anaahidi zahanati kijijini, na anaiomba parokia imruhusu awasimike wenzake kanisani. Jina lake likishasomwa na mshereheshaji kama mgeni rasmi, na picha zikishapigwa karibu na askofu au mkuu wa wilaya, picha hizo ndizo zitakazomnasa mtu wa pili.

Mwongozo huu ni wa aliyepokea mwaliko wa aina hiyo, na pia wa katibu wa dayosisi, mratibu wa itifaki, mwandishi wa habari na kiongozi wa shirika la misaada. Ukaguzi wenyewe unahitaji simu yenye intaneti na alasiri moja, na hautakugharimu ada yoyote.

Kabla ya yote: kusanya, usibishane

Usianze kwa kumshuku mtu usoni. Mwombe kwa heshima akupe vitu hivi, kisha uvihifadhi: jina kamili la shirika kama lilivyoandikwa kwenye hati, kwa lugha yake ya asili, jina na cheo cha aliyetia saini, tarehe ya hati, picha ya karibu ya msalaba au nishani, anwani ya makao makuu, na jina la mwenye akaunti ya benki inayopokea ada. Hilo la mwisho watu hulisahau, nalo husema mengi. Shirika linalodai kuwa dola huru tangu zama za vita vya msalaba halina sababu ya kupokea fedha kwenye akaunti ya mtu binafsi au ya kampuni iliyosajiliwa mwaka juzi.

Jambo moja la tahadhari: usitumie viungo vya tovuti anavyokutumia yeye. Tafuta mwenyewe tovuti rasmi ya taasisi unayotaka kuiuliza, upate anwani ya barua pepe humo.

Hatua ya 1: Soma jina neno kwa neno

Mashirika ya kughushi hayabuni jina jipya. Huchukua jina la kweli na kuongeza au kupunguza neno moja. Uwanja mkubwa kuliko yote ni jina la Mtakatifu Yohane wa Yerusalemu, kwa hiyo ukizijua taasisi za kweli zenye jina hilo umeshamaliza nusu ya kazi.

La kwanza ni Shirika la Kijeshi la Malta, la Kikatoliki, ambalo jina lake kamili ni Sovereign Military Hospitaller Order of Saint John of Jerusalem of Rhodes and of Malta. Papa Paskali II alilitambua kwa hati ya tarehe 15 Februari 1113. Lilikaa Rhodes hadi 1522, likapewa Malta 1530, likafukuzwa na Napoleon mwaka 1798, na tangu 1834 makao yake yako Roma, Via Condotti namba 68. Lina uhusiano wa kibalozi na nchi zaidi ya 110, na tangu 1994 ni mtazamaji wa kudumu katika Umoja wa Mataifa. Tovuti yake ni orderofmalta.int.

Zipo nyingine nne za Kiprotestanti ambazo Shirika la Malta lenyewe linazikubali kuwa ndugu: ya Ujerumani (Johanniter), ya Uholanzi, ya Sweden, na ya Uingereza iliyopewa hati ya Malkia Victoria mwaka 1888. Hizo nne ziliunda umoja wao mwaka 1961. Hiyo ya Uingereza wasomaji wa Kenya wanaijua bila kujua kwamba wanaijua: ndiyo mama wa St John Ambulance, wale wahudumu wa huduma ya kwanza wanaoonekana viwanjani na kwenye sikukuu za taifa.

Basi. Ni hizo tano. Ukikutana na "Sovereign Order of Saint John" isiyo mojawapo ya hizo, au yenye maneno kama "Ecumenical", "Russian Grand Priory" au "Knights Hospitaller" yakiwa yamepachikwa mbele au nyuma, simama hapo na uulize Roma au London kwa barua pepe. Mashirika haya matano yana kamati ya pamoja inayofuatilia waigaji, kwa sababu waigaji ni wengi.

Angalia na msalaba. Wote wanatumia msalaba mweupe wa ncha nane, lakini wa Uingereza una simba wawili na farasi wa pembe moja wawili kwenye pembe za ndani, na wa Johanniter una tai kwenye pembe hizo. Tai mwenye vichwa viwili na taji la Urusi huonekana mara nyingi kwenye misalaba ya waigaji. Sababu yake iko kwenye hatua ya 3.

Hatua ya 2: Nani katoa, na haki ya kutoa kaipata wapi?

Hili ndilo swali lenyewe. Hatua nyingine zote zipo kulisaidia. Mtu hajipi heshima, na kikundi cha marafiki hakiwezi kumpa mwenzao unaiti, hata wakivaa majoho ya namna gani. Heshima ya aina hii hutoka mahali patatu tu.

Pa kwanza ni dola. Rais wa Kenya hutoa nishani kama EGH, EBS au MBS kwa Sheria ya Heshima za Taifa ya 2013, na majina hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Rais wa Tanzania hutunuku nishani kama ile ya Mwenge wa Uhuru hadharani. Mfalme wa Uingereza, Rais wa Ufaransa na wengineo hufanya vivyo hivyo.

Pa pili ni Papa. Hapa kuna waraka ambao kila katibu wa dayosisi angepaswa kuwa nao kwenye faili. Tarehe 16 Oktoba 2012, Sekretarieti ya Vatikano ilitoa tamko kwamba, mbali na nishani zake yenyewe (ya Kristo, ya Kichokoo cha Dhahabu (Golden Spur), ya Pio IX, ya Mtakatifu Gregori Mkuu na ya Mtakatifu Silvesta), inayatambua mashirika mawili tu: la Malta na lile la Kaburi Takatifu la Yerusalemu. Mengine yote, yawe ya zamani au ya juzi, haiyatambui. Tamko lilienda mbali zaidi: vyeti na nishani za vikundi hivyo havina thamani yoyote mbele ya Vatikano, na haifai makanisa kutumika kwa sherehe zao za kusimikana. Kwa hiyo paroko anayeombwa kanisa kwa shughuli hiyo ana jibu lililoandikwa tayari, wala hana haja ya kulibuni.

Pa tatu pana ukungu: mkuu wa ukoo wa kifalme uliowahi kutawala. Kwa desturi ya Ulaya, mfalme aliyepinduliwa bila kuacha madai yake, na warithi wake, huendelea kutoa nishani za ukoo wao. Shirika la Konstantini la Mtakatifu Georgi, la ukoo wa Bourbon wa Naples, ni mfano mzuri. Ukoo huo umegawanyika, na pande mbili zinadai ukuu wa shirika hilohilo. Hapo wenye elimu ya mambo haya hutofautiana, na nchi moja inaweza kuruhusu nishani ambayo nyingine haiitaki. Ukiikuta hali hii usiseme "feki". Sema "nishani ya ukoo, si ya dola", na uangalie sheria ya nchi ya anayeivaa.

Kinachobaki nje ya hayo matatu ni chama. Chama kinaweza kuwa halali, kikachangia hospitali, na wanachama wake wakawa watu wa maana. Lakini hakina unaiti wa kumpa mtu.

Ipo Tume ya Kimataifa ya Mashirika ya Manaiti iliyoundwa mwaka 1960 kwenye kongamano la Stockholm, yenye orodha inayotajwa sana. Isome kama maoni ya wataalamu. Ni chombo binafsi, hakikuundwa kwa mkataba wa mataifa, na "tumo kwenye orodha ya Tume" si sawa na kutambuliwa na dola.

Hatua ya 3: Tafuta mahali mnyororo ulipokatika

Kila shirika la kughushi lina hadithi ndefu, na hadithi hiyo karibu kila mara hupita kwenye mojawapo ya nyufa tatu. Ukizijua, utaweza kusoma kurasa 20 za "Historia Yetu" ukaenda moja kwa moja kwenye aya yenye kasoro.

Ufa wa kwanza ni Watemplari, shirika la manaiti-watawa wa zama za vita vya msalaba. Papa Klementi V aliwafuta kwa hati ya tarehe 22 Machi 1312, na tarehe 2 Mei mwaka huohuo mali zao zikapewa Wahospitali, yaani hao wa Mtakatifu Yohane. Mkuu wao, Jacques de Molay, alichomwa moto Paris mwezi Machi 1314. Kule Ureno mfalme aliokoa watu na mali kwa kuunda Shirika la Kristo mwaka 1319, na Aragon kukaundwa lile la Montesa mwaka 1317. Huo ndio urithi wa kweli uliobaki. Kisha kimya cha karibu miaka 500. Mwanzoni mwa miaka ya 1800, daktari mmoja wa Paris, Bernard-Raymond Fabré-Palaprat, akatokea na hati iliyodaiwa kuandikwa 1324 na mtu aitwaye Larmenius, ikiwa na orodha ya wakuu wa siri mmoja baada ya mwingine hadi yeye. Wanahistoria wameikataa, wanasema ni ya kughushi. Makundi mengi yanayojiita Watemplari leo yanaanzia hapo, mengine hayana hata huo mwanzo. Kikundi kinachosema wazi "sisi ni chama cha kisasa kinachoenzi kumbukumbu ya Watemplari" kinasema kweli. Kinachosema "tumedumu tangu 1118" hakisemi kweli.

Ufa wa pili ni Urusi, nao unahitaji uvumilivu kidogo kwa sababu ndani yake kuna ukweli. Malta ilipoanguka Juni 1798, manaiti waliokuwa St Petersburg walimchagua Tsar Pauli I kuwa Mkuu wao mwezi Novemba. Kasoro zilionekana siku hiyohiyo: Mkuu halali, Hompesch, alikuwa bado hai na hajajiuzulu; Pauli alikuwa Mwortodoksi na mwenye mke, ilhali ukuu huo ulimtaka Mkatoliki aliyeweka nadhiri; na Papa hakuwahi kumthibitisha. Pauli aliunda tawi la Waortodoksi na kulipa mali, akauawa Machi 1801. Mwaka 1803 Papa alimteua Mkuu mpya, Tommasi, na mnyororo wa kweli ukaendelea upande huo. Mwanawe Pauli, Aleksanda I, alizitaifisha mali za tawi la Urusi mwaka 1810 na 1811, na mwaka 1817 ikatamkwa kwamba shirika hilo halipo tena katika dola ya Urusi. Mwenye hadithi ya kughushi husimulia kwa usahihi kabisa hadi 1801, kisha anaruka hadi karne ya 20, Marekani, na kuendelea kama vile hapakutokea kitu katikati. Mmoja wa mashina maarufu ya hadithi hii ni mji mdogo wa Shickshinny, Pennsylvania, ambako kundi la aina hiyo lilikuwa na makao katika miaka ya 1950, na matawi yake yakamegeka na kumegeka tena.

Ufa wa tatu ni Mtakatifu Lazaro, shirika la kale la kuwahudumia wakoma, lenye msalaba wa kijani. Tawi la Italia liliunganishwa na nishani ya ukoo wa watawala wa Savoy mwaka 1572. La Ufaransa liliunganishwa na la Bikira Maria wa Mlima Karmeli mwaka 1608, likazimwa na Mapinduzi, na likapoteza ulinzi wa mfalme mwaka 1830. Lililopo leo lilihuishwa mwaka 1910. Linafanya kazi za huruma zinazoonekana, na hilo lisemwe. Ila halimo kwenye tamko la Vatikano la 2012.

Mbinu ya kusoma ni hii: chora mstari kwenye karatasi, andika miaka, na kwa kila makabidhiano jiulize nani alikabidhi kwa nani, na je, mtu wa nje aliandika jambo hilo wakati huohuo? Pengo la zaidi ya kizazi kimoja lisilo na hati ya nje ndilo jibu lako.

Hatua ya 4: Vyeo vya kimwinyi, nchi kwa nchi

Lord, Baron, Count, Duke. Hapa kosa kubwa ni kudhani Ulaya nzima ina sheria moja.

Uingereza ina orodha rasmi mbili: ya malodi, iliyoanzishwa kwa hati ya kifalme mwaka 2004, na ya mabaronet (wanaorithi "Sir" bila kuwa malodi), ya mwaka 1910. Asiyekuwemo kwenye orodha ya malodi hatambuliwi kuwa lodi katika nyaraka rasmi. Namna ya kuandika jina nayo husaidia: "Sir" hufuatwa na jina la kwanza, wala hakuna Mwingereza anayeandika "Sir" na jina la ukoo peke yake. "Lord" hufuatwa na jina la cheo. "Lord" na jina la kwanza ni ya wana wadogo wa duke au marquess, kwa hiyo mfanyabiashara asiye na baba duke anayeandika hivyo ana swali la kujibu. Na tusisahau kwamba Kenya na Tanzania, ingawa zimo katika Jumuiya ya Madola, ni jamhuri. Raia wake akitunukiwa unaiti na Mfalme, ni wa heshima tu: herufi za KBE anaweza kuziandika baada ya jina, "Sir" hapana. Heshima za Waingereza hutangazwa kwenye London Gazette. Za wageni kwa kawaida hazitangazwi humo, kwa hiyo kukosekana kwa jina la mgeni si ushahidi, uliza ubalozi.

Bidhaa zinazouzwa mtandaoni kwa jina la Uingereza ni tatu. Ya kwanza ni kipande cha ardhi cha Scotland cha futi moja ya mraba, yaani kama sentimita 30 kwa 30, kwa makumi machache ya pauni, "nawe unakuwa Laird au Lord". Sheria ya usajili wa ardhi ya Scotland ya 2012 inamtaka msajili akatae maombi ya vipande hivyo vya ukumbusho, na ofisi ya Lord Lyon, msimamizi wa nembo za koo huko Scotland, imesema kipande hicho hakimpi mtu haki ya nembo. Umenunua karatasi nzuri. Ya pili ni "Lord of the Manor", yaani mwenye manor (eneo la kale la mwinyi): hiyo ni mali halali, inauzwa na kurithiwa, lakini mwenye nayo ni Lord *wa* manor fulani tu, si Lord fulani. Ya tatu ni kubadili jina kisheria ili "Lord" liwe sehemu ya jina. Jina linabadilika kweli, na pasipoti huandikwa maelezo kwamba neno hilo ni jina, si cheo. Kwa hiyo ukionyeshwa pasipoti, fungua ukurasa wa maelezo ya ziada. Ukurasa wa picha peke yake haukutoshi. Ubaroni wa Scotland ni jambo jingine: tangu tarehe 28 Novemba 2004 umetenganishwa na ardhi na bado unauzwa kihalali kwa fedha nyingi, lakini haumwingizi mtu kwenye orodha ya malodi.

Ujerumani, Katiba ya Weimar ya 1919 iligeuza vyeo vyote kuwa sehemu ya jina la ukoo. "Prinz" kwenye kitambulisho cha Mjerumani ni jina, na jina hupatikana hata kwa mtu mzima kuasiliwa. Biashara ya kuasiliana kwa malipo ilizaa "maprinsi" kadhaa. Austria ilifuta kila kitu mwezi Aprili 1919, hata lile neno "von", alama ya umwinyi kwenye jina.

Italia haitambui vyeo tangu Katiba ya 1948. Zaidi ya hapo, Sheria namba 178 ya Machi 1951 inawakataza watu na vyama binafsi kutoa nishani na unaiti, kwa adhabu ya kifungo cha miezi sita hadi miaka miwili. Ndiyo maana sherehe nyingi za vikundi hivi, hata zikiendeshwa na Waitaliano, hati zake huandikwa kuwa zimetolewa kwingine.

Hispania bado ina vyeo hai: Wizara ya Sheria huvisimamia, na kila urithi hutangazwa kwenye gazeti rasmi la dola, linalosomeka mtandaoni. Uholanzi uliza Hoge Raad van Adel (baraza la vyeo vya kimwinyi), The Hague. Sweden uliza Riddarhuset (nyumba ya koo za kimwinyi), Stockholm, na ukumbuke kwamba mtu wa mwisho kupewa ukabaila huko alikuwa msafiri mvumbuzi Sven Hedin, mwaka 1902. Baron wa Sweden "aliyeteuliwa 1995" hayupo.

Sealand, ule mnara wa zege na chuma baharini karibu na Suffolk, Uingereza, uliotangazwa kuwa dola mwaka 1967, huuza vyeo waziwazi na hakuna nchi inayoutambua. Ni zawadi ya kuchekesha ya siku ya kuzaliwa, mradi isiandikwe kwenye wasifu wa kazi.

Hatua ya 5: Afrika, ambako ukweli na biashara vimekaribiana

Hapa panahitaji adabu, kwa sababu heshima za kwetu ni za kweli na zina wenyewe. Mfalme Kigeli V wa Rwanda, aliyeondolewa mwaka 1961, aliishi uhamishoni Afrika Mashariki kisha Marekani tangu 1992 hadi kufa kwake Oktoba 2016. Akiwa huko aliwapa watu wa Ulaya na Marekani unaiti na vyeo kama marquis na baron. Kwamba alikuwa mfalme wa kweli halina ubishi. Ubishi ni kwamba Rwanda ya kale haikuwa na marquis wala baron, na Rwanda ya leo ni jamhuri. Mwenye cheo hicho ana zawadi ya mfalme aliyekuwa uhamishoni, na ni haki aiite hivyo.

Uganda, falme zilirudishwa mwaka 1993 na zimo kwenye ibara ya 246 ya Katiba ya 1995, kama viongozi wa jadi wasio na mamlaka ya kiserikali. Bunyoro ina heshima ya kale ya *omujwara kondo*, mvaa taji. Mgeni anayedai ameipata, andikia ofisi ya ufalme wenyewe huko Hoima. Usimwandikie "mwakilishi wa ufalme" aliyeko Ulaya.

Zanzibar ilikuwa na nishani ya Nyota Ing'aayo, iliyoanzishwa na Sultani Barghash mwaka 1875. Nishani za kabla ya tarehe 12 Januari 1964 ni historia halisi, na zinapouzwa minadani ni vitu vya kukusanya. Anayenunua moja hawi mtunukiwa wake. Tanganyika ilifuta sheria ya machifu mwaka 1963, kwa hiyo "chifu wa heshima" ni upendo wa jamii na mila zake. Halitoi mamlaka, na halitafsiriki kuwa "Prince" mtu akifika Dubai au Toronto.

Hatua ya 6: Karatasi zinazopotosha

Cheti cha usajili wa NGO au kampuni. Msajili huangalia kama fomu zimejazwa na jina halijachukuliwa. Hathibitishi historia. Hata hadhi ya ushauri katika Umoja wa Mataifa hupewa NGO kama NGO.

Baraka ya Papa iliyowekewa fremu. Ngozi hizo zenye picha ya Papa hutolewa na ofisi ya sadaka ya Vatikano kwa Mkatoliki anayeomba kwa ajili ya ndoa, jubilei au siku ya kuzaliwa, kwa mchango mdogo. Si utambuzi wa shirika.

"Pasipoti ya kidiplomasia" ya shirika. Hii ndiyo ya hatari kuliko zote, maana inamfikisha mtu uwanja wa ndege na kumtia mikononi mwa polisi. Shirika la Malta lenyewe huwapa pasipoti watu wachache wenye madaraka, kwa muda wa kazi yao, na haliuzi. Tena, kwa Mkataba wa Vienna wa 1961, mtu huwa mwanadiplomasia kwa kukubaliwa na nchi anayokwenda, si kwa kitabu alicho nacho mfukoni. Wizara ya Mambo ya Nje ya Nairobi au Dodoma ina orodha ya waliokubaliwa.

Ada peke yake haitoshi kuhukumu. Mashirika ya kweli nayo huwa na michango. Tofauti iko kwenye mpangilio. Kwenye shirika la kweli hujiteui: unapendekezwa na wanachama wanaokujua, paroko au askofu anaulizwa, unapitia muda wa malezi, na kazi ya kuhudumia wagonjwa au maskini huja kabla ya joho. Kwenye la kughushi mwaliko humfikia mtu wasiyemjua, kuna orodha ya bei kwa daraja (Knight hivi, Commander vile, Grand Cross zaidi), muda ni wiki mbili, na ukisita unapewa punguzo. Punguzo la bei likitajwa, funga mazungumzo.

Kwa nini kujisumbua hivi, kama ni mapambo tu? Mwaka 1821 Mskoti Gregor MacGregor alirudi London akijiita Cazique, mtawala wa nchi ya Poyais huko Amerika ya Kati. Alikuwa na nishani, vyeo vya kugawa, na noti zilizochapwa. Nchi haikuwepo. Alikopa pauni 200,000 kwenye soko la London, na watu wapatao 250 walipanda meli kwenda huko, wakakuta msitu. Zaidi ya nusu walikufa. Joho na msalaba vilimpa imani ya watu, na imani hiyo ndiyo aliyoiuza. Anayeahidi zahanati leo hutumia mtaji uleule: kwanza cheo, kisha picha na viongozi, kisha "ada ndogo ya kufungua msaada".

Hatua ya 7: Kujibu

Ukiwa na shaka, andika hivi, bila tuhuma:

"Ndugu, tunashukuru kwa barua yako. Kwa utaratibu wetu, heshima zote hutajwa baada ya kuthibitishwa na mamlaka iliyozitoa. Tafadhali tutumie jina la mamlaka hiyo, namba na tarehe ya hati, na anwani ya ofisi tunayoweza kuiandikia moja kwa moja. Hadi hapo tutakutambulisha kwa jina lako kamili na kazi yako."

Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu. Mshereheshaji apewe karatasi yenye jina na kazi tu, na aelezwe kabla ya hafla asiongeze kitu hata mgeni akimnong'oneza. Mwandishi wa habari aandike "anayejitambulisha kama" mara moja mwanzoni, kisha atumie jina la ukoo. Mwenye kadi ya mwaliko iliyokwisha kuchapwa achapishe upya. Gharama hiyo ni ndogo.

Kama umeshalipa, kasi ndiyo kila kitu. Kwa kadi ya benki, omba marejesho ya muamala. Dirisha hilo mara nyingi ni siku 120. Kwa M-Pesa ya Kenya, tuma ujumbe wa muamala kwenda 456 mara moja. Ripoti polisi kwa kutaja ulaghai wa mtandaoni: Kenya ni Sheria ya 2018, Tanzania ni ya 2015. Usilipe "ada ya kujitoa", na usikubali kurudishiwa fedha kupitia mtu wa tatu. Ondoa cheo kwenye wasifu, LinkedIn na kadi za biashara siku hiyohiyo, kabla mwajiri au ubalozi haujakiona kwenye fomu ya viza.

Msalaba, cheti na bahasha usivitupe. Bahasha ina stempu na tarehe, cheti kina saini, na mara nyingine nyuma ya nishani pamegongwa alama ya karakana iliyoitengeneza. Hiyo humpeleka mpelelezi kwa aliyeiagiza. Viweke pamoja na risiti, vikiwa na picha za pande zote mbili.